Je, wajua? Kompyuta ikitafuta mafaili pacha haisomi jina

Mafaili mawili yenye jina moja ni faili lile lile lililojirudia? Mimi nilikuwa najibu ndiyo bila kufikiri. Kisha nikakabidhiwa kadi mbili za kamera za harusi ya binti wa mjomba wangu kule Wete. Nikaona IMG_0412 iko huku na huko, nikafuta ya pili. Nikaendelea hivyo hadi folda ikabaki nusu. Kadi ya kwanza ilikuwa ya nikahi msikitini, ya pili ya shughuli ya wanawake nyumbani. Bibi harusi bado hajaniradhi sawasawa.

Kosa langu lilikuwa kuliamini jina. Kamera nyingi huhesabu picha hadi 9999, kisha hurudi 0001, na kamera mbili za aina moja hutoa majina yale yale bila kujuana. Tena jina halimo ndani ya faili. Kwa kawaida linaandikwa pembeni, kwenye orodha ya folda. Ni kama daftari la sheha: akikuandika upya kwa jina jengine, wewe hunenepi wala hukondi. Ndiyo maana “Barua” na “Barua ya mwisho kabisa (2)” yanaweza kulingana herufi kwa herufi, na IMG_0412 mbili zisijuane hata kwa salamu.

Ukubwa je? Huo unasaidia upande mmoja tu. Mafaili yaliyopishana hata baiti moja hayawezi kuwa pacha, basi programu ya kutafuta pacha huyatenga mapema kwa kuwa kupima ukubwa ni kazi rahisi. Yaliyolingana ukubwa ni washukiwa tu.

Hapo ndipo inapoingia heshi, na hapa panataka utulivu kidogo. Mfikirie msusi wa ukili mwenye sharti kali: kila herufi ya faili inamwambia achukue chane ya rangi gani, lakini uchaguzi huo unategemea pia chane zote alizokwisha kusuka. Ukibadilisha herufi moja mwanzoni, rangi zinapotoka hadi mwisho. Akimaliza, anakata shibiri moja ya mwisho na kukupa; shibiri hiyo ndiyo heshi ya faili. Faili liwe la ukurasa mmoja au filamu ya saa mbili, shibiri ni ile ile moja. Kwa kanuni iitwayo SHA-256, shibiri hiyo ina biti 256, yaani sifuri na moja 256, nazo kwa kawaida huandikwa kwa alama 64. Basi programu hailazimiki kulinganisha kila faili na kila jengine; inalinganisha shibiri.

Shibiri mbili zikilingana, mafaili ni pacha? Kwa matumizi ya nyumbani, ndiyo. Lakini shibiri zina hesabu yake na mafaili hayana mwisho, kwa hiyo kugongana kupo kihesabu. MD5, kanuni aliyoibuni Ronald Rivest mwaka 1991, ilionyeshwa mwaka 2004 kwamba watu wanaweza kutengeneza kwa makusudi mafaili mawili tofauti yenye heshi moja. Kanuni nyengine ya heshi, SHA-1, ikapatwa na hayo hayo mwaka 2017. Programu makini humaliza kwa kulinganisha baiti kwa baiti kabla ya kufuta.

Ukali huo huo una kichekesho chake. Picha uliyoipokea kwa WhatsApp kwa kawaida imebanwa upya njiani. Jicho linaona bibi harusi yule yule na hina ile ile. Heshi inaona wageni wawili. Programu zinazotafuta picha zinazofanana hutumia njia nyengine: huipunguza picha mpaka ibaki viraka vichache, kisha hulinganisha pa mwanga na pa kiza. Jibu lake ni “zinashabihiana”, na picha mbili zilizopigwa kwa kufuatana, moja macho yamefumbwa, hushabihiana sana. Hapo mimi hufuta kwa mkono.

Na kuna ajabu moja iliyonikalisha jioni nzima. Faili moja linaweza kuwa na majina mawili kamili, katika folda mbili, bila lolote kati yao kuwa nakala. Windows yenyewe hufanya hivyo kwa wingi katika folda yake ya WinSxS, hata folda hiyo ikaonekana kubwa kuliko nafasi inayokula kweli. Nililijaribu kwa faili langu mwenyewe: nikafuta jina moja, nikamwaga na pipa la taka, nikatazama diski. Nafasi tupu haikuongezeka hata baiti, maana jina la pili bado lilikuwa limelishika faili.