Kujibu polepole si kupungukiwa akili
Mgonjwa wa MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva) akichelewa kujibu, watu hunong'ona kwamba akili imemtoka. Si kweli. Ugonjwa huu huifanya kinga ya mwili ishambulie utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, basi taarifa hupita kwa kusuasua, hata kama maarifa yake yako palepale.

Kipimo kinachotumika sana kupima kasi hiyo ya kufikiri hakiulizi hesabu wala historia. Juu ya karatasi kuna vialama tisa, kila kimoja na tarakimu yake, 1 hadi 9. Chini, safu za vialama hivyohivyo visivyo na tarakimu. Ndani ya sekunde 90 mgonjwa hutaja tarakimu zake, kwa mdomo, maana mkono uliodhoofika ungemponza bure. (Macho nayo yakaguliwe kwanza.) Matokeo ya leo hulinganishwa na yake ya awali.