Wadudu wa kale katika tope la ziwa: dhana na ukweli

Dhana: mdudu ni laini mno, mabaki yake hayawezi kudumu maelfu ya miaka. Wengi hapa Mwanza huniambia hivyo, na hunisikitisha, maana ushahidi wa kuipinga dhana hii tunaufungia madirisha kila mara mwezi unapoandama. Wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi, wanaofanana na mbu lakini hawaumi, viluwiluwi vya wengi wao hukulia kwenye tope la chini. Kichwa cha kiluwiluwi kina ganda la kitini, dutu ileile iliyo kwenye gamba la kamba. Akijivua gamba, ganda la kichwa huzama likabaki topeni. Hujivua mara nne, kwa hiyo mdudu mmoja anaweza kuacha maganda manne ya kichwa!

Watafiti huzamisha bomba kwenye sakafu ya ziwa, huchuja tope, kisha huchambua vichwa hivyo kwa hadubini. Meno hutofautisha jamii na jamii. Zipo zinazostahimili maji yenye oksijeni kidogo na zipo zinazopenda baridi, hivyo tabaka moja la tope hueleza hali ya ziwa miaka elfu kadhaa iliyopita.

Dhana: kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale, lazima kiwe jiwe, au kiwe ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa mti uliogandamana zamani. Vichwa nilivyovitaja bado ni kitini. Huko Florissant, Colorado, Marekani, miaka milioni 34 hivi iliyopita, majivu ya volkano na utelezi wa mwani uliwafunika wadudu ziwani. Mabawa yao yanaonekana hadi leo.

Dhana: kila anayezama huhifadhika. Hapana. Wengi huliwa na dagaa, wengine huoza au husagwa na mawimbi ufukweni. Panahitajika maji tulivu, tope laini na oksijeni haba.

Dhana: Ziwa Victoria limetunza wadudu wa mamilioni ya miaka. Ziwa hili hukadiriwa kuwa na miaka 400,000 tu, na kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita lilikauka. Tope laini la juu limejikusanya tangu maji yaliporudi. Wadudu wa kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya, ni wa miaka milioni 18 hivi, lakini walizikwa nchi kavu kabla ziwa halijakuwepo: majivu ya volkano ya Kisingiri, yenye chokaa nyingi, yaliwafunika upesi hata viwavi vikabaki na umbo lao kamili.