Majani ya mwarubaini, mpera na olusia: yanaua bakteria kweli?

Hapa Kondele, Kisumu, mama huchemsha mwarubaini kila mtu akiumwa na tumbo. Kuna dawa mle, au ni imani tu?

Dawa imo. Mwarubaini, mpera na ule mti mchungu ambao Waluo huuita olusia ina tanini na flavonoidi, kemikali ambazo mmea hujitengenezea kujikinga na wadudu na kuvu. Tafuna jani bichi la mpera: kule kukakamaa kwa ulimi ni kazi ya tanini.

Wataalamu wanajuaje kwamba yanaua bakteria?

Majani hukaushwa kivulini, yakasagwa, yakalowekwa kwenye ethanoli au methanoli (aina za alkoholi), yakachujwa, kisha kimiminika hicho huvukizwa hadi ubaki utomvu mzito wa kijani. Kipande kidogo cha karatasi hulowanishwa kwa dawa hiyo na kuwekwa juu ya kisahani kilichopandwa bakteria, kwa mfano Staphylococcus aureus, wale wa majipu na vidonda vyenye usaha. Kisahani hulala kwenye joto la nyuzi 37. Asubuhi bakteria wametanda kote, ila karatasi imezungukwa na duara safi ambamo hawakuota. Hilo hupimwa kwa rula, kwa milimita, na kulinganishwa na duara la antibiotiki ya kawaida. Bakteria wa homa ya matumbo ni wagumu zaidi, kwa kuwa wana utando wa ziada wa nje ambao dawa nyingi hushindwa kuupenya.

Na hizo antioksidanti wanazosifia wauza unga wa majani ni nini?

Ni kemikali zinazotuliza molekuli zenye upungufu wa elektroni, ambazo huzaliwa mwili unapotumia chakula na hewa, na zikizidi huharibu seli. Maabara hupima kwa DPPH, kemikali ya zambarau inayogeuka njano antioksidanti zikifanya kazi. Binafsi sioni haja ya kununua unga wa majani kwa sababu hiyo pekee. Mboga za kienyeji na mapera yenyewe yanazo tele.

Nikikutwa na homa ya matumbo, ninywe mwarubaini niache dawa?

Usithubutu! Utomvu wa maabara ni mzito kuliko kikombe chako mara nyingi, na uligusana na bakteria moja kwa moja. Ulichokunywa hupita tumboni, kikavunjwavunjwa na ini, na kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Bakteria hao nao wako ndani ya damu na ini. Ukichelewa, utumbo unaweza kutoboka.

Nani asinywe kabisa?

Mjamzito na mtoto mchanga. Mafuta ya mwarubaini yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege na kuwaharibu ini. Mwenye kisukari awe macho: mwarubaini na olusia hushusha sukari, na pamoja na vidonge vyake inaweza kushuka kupita kiasi. Anayemeza ARV amwambie daktari kwanza. Kama hujui jina la mti uliochemshiwa, nenda kliniki na tawi lake lenye majani.