Cheti cha Sampuli Hakitoshi: Wazalishaji wa Chumvi Wajue Uwezo wa Mchakato Wao

Wazalishaji wa chumvi wa Unguja na Pemba hulalamika kwamba mzigo umezuiwa ilhali cheti cha maabara wanacho mkononi. Sisi wakaguzi tunawaelewa. Lakini cheti kinaeleza ile sampuli iliyopimwa, basi. Magunia yaliyobaki ghalani hayamo.

Tunachotaka kujua ni uwezo wa mchakato: kwa namna mnavyochanganya madini joto (iodini) kila siku, je, chumvi yote inaangukia ndani ya mipaka ya kiwango? Tuchukulie mipaka ni miligramu 30 hadi 60 za madini joto kwa kilo ya chumvi. Pima magunia 30, moja moja, kisha tafuta wastani na mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi magunia yanavyotofautiana na wastani huo. Upana wa mipaka, yaani 30, ugawe kwa mara sita ya mchepuko. Hiyo ndiyo Cp, kipimo cha uwezo wa mchakato. Mchepuko ukiwa 3.75, Cp ni 1.33, ambayo viwanda vingi huichukulia kuwa kima cha chini cha kuridhisha.

Cp haijali wastani umekaa wapi. Ukiwa 45, katikati, hakuna neno. Ukishuka hadi 36 kwa sababu mtu anabania potasiamu iodeti, yaani dawa yenye madini joto, Cpk, kipimo kinachoangalia pia wastani ulivyo karibu na mpaka, itamuumbua: 36 toa 30, gawa kwa mara tatu ya mchepuko, jawabu 0.53. Kwa mtawanyiko wa kawaida wa kitakwimu, wenye umbo la kengele, hapo magunia kati ya matano na sita katika kila 100 yako chini ya kiwango, na wastani bado unapendeza machoni.

Sasa sampuli. Chota juu, katikati na chini ya gunia, changanya chumvi ya gunia hilo peke yake, tia kwenye mfuko mkavu, funga, andika namba ya gunia, tarehe na zamu, kisha weka sahihi. Gunia la pili, mfuko wa pili. Wapo wanaochota kiganja kimoja kimoja kwenye magunia kumi, wakavuruga vyote ndani ya ndoo moja ndipo wakaleta. Tunaomba jambo hili liishe. Tofauti baina ya gunia na gunia ndiyo tunayoitafuta, na ndoo imeshaifuta.

Kile kichupa cha matone kinachogeuza chumvi kuwa buluu nacho kinaonyesha kwamba madini joto yamo. Kiasi hupimwa maabara kwa titresheni, yaani kudondosha kemikali ya kipimo kinachojulikana mpaka mmenyuko ukamilike, si kwa kukisia ukolezi wa rangi.

Mara nyingi tatizo liko kwenye unyunyizaji. Bomba la mgongoni hupitishwa juu ya lundo, tabaka la juu likalowa, la chini likabaki vilevile, na beleshi likageuza mara moja tu kwa kuwa gari linasubiri. Tundu la bomba likiziba nusu, hakuna anayegundua. Kuongeza dawa hakutibu hilo: kutasogeza wastani, mtawanyiko utabaki, na magunia mengine yatavuka 60.

Mzigo uliozuiwa usiuzwe, usihamishwe wala usifunguliwe mpaka mkaguzi aandike ruhusa. Kuuhamisha usiku ni kosa jingine, tena lenye hatua zake za kisheria, hata kama baadaye chumvi itaonekana safi.

Ukibadilisha bomba, mchanganyaji au chumvi yenyewe, mathalani ya chenga kubwa badala ya laini, hesabu za zamani hazifai tena. Pima magunia 30 upya kabla ya kuomba ukaguzi.