Kwa nini homoni za mwanamke hazitakiwi kukaa sawa?

Uliza watu homoni za mwanamke mwenye afya zinakuwaje, na jibu litakuja haraka: ziko sawa. Nyuma ya jibu hilo kuna picha ya mizani. Homoni mbili kuu za ovari: estrojeni kwenye sahani moja, projesteroni kwenye nyingine, mshale umetulia katikati. Mimi pia niliishi na picha hiyo miaka mingi. Mwezi mmoja nilipopata hedhi mara mbili niliambiwa homoni zimevurugika, nikapewa orodha ya vyakula vya kuzirudisha sawa. Niliifuata kwa bidii, wala sikuuliza: sawa na nini?

Zikiwa zinatakiwa kuwa sawa na jana, basi mwanamke mwenye afya hayuko sawa karibu siku zote. Wakati wa hedhi projesteroni yake huwa chini ya nanogramu 1 katika mililita ya damu. Wiki moja baada ya yai kutoka, hupita 10. Estrojeni huanza chini, hupanda mara kadhaa hadi siku moja au mbili kabla ya yai kutoka, huporomoka, kisha hupanda tena kwa kiasi. Tukitafuta wanawake ambao homoni hizi zimetulia mahali pamoja mwezi mzima, tutampata msichana ambaye hajavunja ungo, mama anayenyonyesha ambaye hedhi haijarudi, na mwanamke aliyekwisha koma hedhi. Wote wanaweza kuwa na afya njema kabisa, ila katika hali hizo yai halitoki. Utulivu ule tunaouita usawa ni alama ya ovari zilizopumzika.

Hata ndani ya siku moja hakuna utulivu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, wanawake wenye afya walitolewa damu kila baada ya dakika 10 kwa saa 24, katika nusu ya pili ya mzunguko. Projesteroni ilionekana ikipanda na kushuka kati ya nanogramu 2 hivi na 40, mara nyingi ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mwanamke anayepimwa saa nne asubuhi anaweza kuambiwa homoni iko chini, na akipimwa saa tano akaambiwa iko juu, na vipimo vyote viwili visiwe na kosa. Kipimo cha projesteroni kina kazi yake: kikichukuliwa wakati ufaao kinaweza kuthibitisha kwamba yai limetoka. Kutoa alama ya usawa hakiwezi.

Mizani hiyo hiyo ndiyo imetuletea mzunguko wa siku 28 unaogawanyika katikati, 14 kwa 14. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi wa mizunguko zaidi ya 600,000 iliyorekodiwa na wanawake kwenye programu ya simu. Wastani ulikuwa siku 29.3, na mizunguko ya siku 28 kamili ilikuwa takriban asilimia 13. Sehemu ya kabla ya yai kutoka ilichukua karibu siku 17 kwa wastani, na sehemu ya baadaye siku 12 na ushei. Waliorekodi ni wale walioamua kutumia programu, kwa hiyo hawawakilishi wanawake wote. Hata hivyo, anayehesabu siku ya 14 kuwa ndiyo siku ya yai ana nafasi kubwa ya kukosea.

Basi kama si usawa, mwili unalinda nini? Unalinda mdundo, na namna mdundo huo unavyofanya kazi ni jambo la ajabu kuliko mizani yoyote.

Ndani ya ubongo, upande wa chini, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hutoa homoni iitwayo GnRH, inayokwenda kwenye tezi ya pituitari, nayo pituitari hutuma homoni mbili kwenye ovari: FSH, inayokuza yai, na LH, inayolifanya litoke. Andrew Schally na Roger Guillemin walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977 kwa kazi yao juu ya homoni za ubongo za aina hii. Tuzo hiyo waligawana na Rosalyn Yalow, ambaye mbinu yake ya kupima viwango vidogo mno vya homoni ndiyo iliyofungua uwanja wote huu. Baada ya hapo ungedhani kilichobaki ni rahisi: GnRH ikipungua, mwongezee mtu.

Ernst Knobil na wenzake, wakiwa Pittsburgh nchini Marekani, walijaribu hilo kwa nyani aina ya rhesus ambao haipothalamasi zao hazikuweza tena kutoa GnRH. Walipowapa homoni hiyo mfululizo bila kukatiza, LH na FSH zilianguka. Walipowapa kwa dakika chache tu, mara moja kila saa, zilipanda na kudumu. Homoni ni ile ile, tezi ni ile ile. Kilichobadilika ni kimya cha katikati. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1978.

Mfikirie mgeni mlangoni. Anabisha hodi, ananyamaza, anangoja. Mwenyeji anasikia na kutoka. Mgeni mwingine anagonga mfululizo bila hata kupumua. Mwanzoni mwenyeji anashtuka na kukimbilia mlangoni, lakini kelele ikiendelea mchana kutwa anaziba masikio, na mwishowe hata mgeni wa kweli hasikiki. Seli za pituitari zina vipokezi juu ya ngozi yake, ndiyo masikio yake. GnRH ikizigusa bila kukoma, seli huviingiza vipokezi ndani na kulegeza mawasiliano yaliyo nyuma yake. Kimya cha saa nzima ndicho kinachovipa vipokezi nafasi ya kurudi. Mfano wangu unapwaya mahali pamoja: seli haikasiriki wala haichoki. Inafanya hesabu ya kemia tu.

Hata kule kushtuka kwa mwanzo kupo kwa kweli. Dawa zinazoiga GnRH na kukaa mwilini muda mrefu hupandisha homoni kwa siku za kwanza, kisha huzizima. Madaktari huzitumia kwa baadhi ya wagonjwa wa endometriosisi, yaani tishu kama ile ya ndani ya mji wa mimba inapoota nje yake, ambako kuzima ovari kwa muda hupunguza maumivu.

Kasi ya kubisha nayo ina maana. Kabla ya yai kutoka, pigo huja takriban kila dakika 60 hadi 90. Baadaye, projesteroni ikitawala, hupungua hadi saa kadhaa kati ya pigo na pigo. Pituitari hulisoma hilo kama wachezaji wanavyosoma ngoma: ngoma ni moja, lakini mdundo ukibadilika, hatua hubadilika. Mapigo ya haraka huelekea kuongeza LH. Ya polepole huelekea kuongeza FSH. Estrojeni nayo ina mchezo wake. Kwa siku nyingi huizuia LH, lakini ikikaa juu kwa takriban siku mbili hugeuka na kuisukuma ipande kwa kishindo, na yai linatoka. Kwenye mizani, uzito hauwezi kuhama upande wenyewe kwa sababu tu umekaa muda mrefu.

Ukishauona mdundo, swali la kuusaidia mwili kwa njia za asili linapata sura nyingine: ni nini kinachoupunguza au kuuharakisha?

Kinachojulikana vizuri zaidi ni chakula kisichotosha. Mwaka 2003 Anne Loucks na mwenzake walichapisha jaribio ambamo wanawake wenye hedhi ya kawaida walipunguziwa nishati inayobaki mwilini baada ya mazoezi. Ilipokuwa chini ya takriban kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta kwa siku, mapigo ya LH yalivurugika, na siku tano tu zilitosha. Habari za akiba hufika kwenye ubongo kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa leptini, homoni itokayo kwenye mafuta ya mwili. Seli zinazoamuru pigo la GnRH hutumia kemikali iitwayo kisspeptini, iliyopewa jina lake kwa sababu jeni yake iligunduliwa Hershey, Pennsylvania, mji wa chokoleti za Kisses.

Msongo wa mawazo pia hutajwa sana. Upo utafiti mmoja wa mwaka 2003 ninaoupenda: wanawake 16 waliokosa hedhi kwa sababu ya mdundo kuzorota. Wanane walipata ushauri wa kisaikolojia kwa wiki 20, wanane wakaangaliwa tu. Katika kundi la kwanza, ovari za 7 zilionyesha kuamka. Katika la pili, za 2. Ni watu 16 tu, kwa hiyo siujengei nyumba juu yake, lakini unaelekea upande uleule wa mdundo.

Upande mwingine kuna PCOS, hali ya homoni inayovuruga kutoka kwa yai, ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Hapa mapigo mara nyingi huwa ya haraka mno. LH huzidi, ovari hutengeneza androjeni (homoni zinazoitwa za kiume) nyingi, insulini iliyo juu huchochea zaidi, na mayai hukwama njiani. Kwa wenye uzito mkubwa, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito huo kunaweza kurudisha yai kutoka, na mazoezi huusaidia mwili kuitumia insulini hata mizani ya bafuni isipobadilika.

Hapa ndipo orodha moja ya wote inapodhuru. Wanawake wawili hawajaona hedhi kwa miezi minne. Mmoja anahitaji kula zaidi na kupunguza mazoezi, mwingine pengine anahitaji kinyume chake. Ukiwapa wote ushauri wa kufunga kula ili kusafisha homoni, huyo wa kwanza unamzidishia ugonjwa.

Kuhusu ule ushauri wa kubadilishana mbegu za kitani na za maboga kila nusu ya mwezi ili kusawazisha homoni, majaribio ni machache na madogo, na ratiba yenyewe imejengwa juu ya ile 14 kwa 14. Mbegu ni chakula kizuri, anayezipenda azile. Kalsiamu ina msingi imara zaidi kwa dalili za kabla ya hedhi: katika jaribio la mwaka 1998, miligramu 1,200 kwa siku zilipunguza dalili kwa asilimia 48 kufikia mzunguko wa tatu, dhidi ya 30 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hiyo 30 nayo inastahili kukumbukwa kila mtu anaposema kitu fulani kilimsaidia. Mmea wa vitex una majaribio yenye matumaini, mengi yakiwa madogo. Haufai kwa mjamzito, na anayetumia dawa za homoni amwulize daktari kwanza.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu, pima mimba kwanza, kisha nenda kliniki. Damu inayojaza pedi kila saa kwa saa kadhaa, au inayorudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, nayo haingoji lishe. Nenda na tarehe zako, kwa sababu mdundo hauonekani kwenye tone moja la damu.

Tarehe zangu za mwezi ule nimezitazama upya hivi karibuni. Hedhi ya kwanza ilianza tarehe 2, ya pili tarehe 29. Siku 27.