Akisema Ana Arosto, Mpime: Kazi ya Muuguzi Katika Tiba ya Uraibu

Ndugu wengi wanaomleta mgonjwa kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, huanza na onyo: "Sista, huyu usimwamini, ni mwongo." Tunawaelewa. Ameuza simu ya mama yake, ameng'oa mabati ya choo, ameapa mbele ya wazee kwamba ameacha, na wiki haijaisha akaonekana kijiweni. Lakini sisi wauguzi hatuwezi kuanza na hukumu hiyo. Tiba ya uraibu inategemea mgonjwa atuambie ametumia nini, kiasi gani na lini, na hakuna anayesema kweli mahali ambapo ameshaitwa mwongo kabla hajafungua mdomo. Tunachofanya ni kumsikiliza, kisha tunapima.

Kupima kwenyewe kuna utaratibu wake. Mtu aliyezoea unga, yaani heroini, akikaa saa 8 hadi 12 tangu kete ya mwisho, arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa ulioizoea, huanza kumshika. Anapiga miayo mfululizo, macho yanalengalenga machozi, makamasi yanatiririka bila mafua, jasho linamtoka, vinyweleo vinasimama, mifupa inauma, tumbo linasokota na kuharisha. Hali hiyo hufika kileleni kati ya siku ya 2 na ya 3. Muuguzi huchukua fomu yenye vipengele 11 na kukipa kila kimoja alama. Mapigo ya moyo huhesabiwa baada ya mgonjwa kukaa na kutulia. Mboni za macho huangaliwa kwenye mwanga wa kawaida wa chumba. Mikono hunyooshwa mbele ili kuona kama inatetemeka. Jumla ikiwa kati ya 5 na 12 arosto ni ndogo, 13 hadi 24 ni ya wastani, 25 hadi 36 inaelekea kuwa kali, na ikipita 36 ni kali sana. Mtu anaweza kuigiza maumivu ya mgongo. Mboni iliyotanuka na vinyweleo vilivyosimama haviigiziki, na ndiyo maana fomu hiyo inamlinda hata mgonjwa ambaye hakuna anayemwamini tena nyumbani kwao.

Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, kisha huduma ikafika Mwananyamala na Temeke, na baadaye Zanzibar na mikoa mingine ya Bara. Kenya ilifuata mwishoni mwa 2014 kwa kuanzia Hospitali ya Mathari, Nairobi. Katika kliniki za serikali dawa hii hutolewa bure. Kwa kawaida mgonjwa huja kila siku, hunywa dozi yake ya maji mbele ya muuguzi, hunywa maji kidogo juu yake, halafu huzungumza maneno mawili matatu kabla ya kuondoka dirishani. Mazungumzo hayo yana sababu: dawa iliyofichwa mdomoni huenda ikauzwa nje ya geti, na aliyeinunua bila kuizoea anaweza kufa usiku huohuo.

Kabla ya kumimina dozi, muuguzi anamwangalia mtu. Anasinzia akiwa amesimama? Ulimi mzito? Ananuka pombe? Methadoni ikikutana na pombe au vidonge vya usingizi kama valiamu, pumzi hupungua hadi ikakatika. Kwa hiyo anayekuja amelewa hapewi dozi papo hapo, hata kama analalamika na foleni nyuma yake inanung'unika. Anakalishwa, anaangaliwa, daktari anaitwa. Vivyo hivyo kwa aliyekosa siku 3 mfululizo: harudi moja kwa moja kwenye dozi yake ya zamani, bali anapimwa upya, kwa kuwa mwili umeshaanza kuisahau.

Ndugu huwa na haraka katika wiki mbili za mwanzo. Mgonjwa ameanzishiwa kati ya miligramu 15 na 30, jioni bado anatapatapa, nao wanataka aongezewe siku hiyohiyo. Methadoni hutoka mwilini polepole sana, hivyo dozi ya leo inaikuta ya jana bado ipo. Kiasi kilichoonekana hafifu Jumatatu kinaweza kuwa kizito Alhamisi bila kuongezwa hata tone. Wengi hutulia wakifika miligramu 60 hadi 120, lakini kufika huko kunachukua wiki kadhaa, na kila hatua inapimwa.

Sasa nizungumzie hali moja ambayo naona imewatesa wagonjwa wengi bila sababu. Mtu ametulia kwenye methadoni kwa miezi. Ameanza kazi ya kuosha magari, amerudi nyumbani, watoto wanamzoea. Anaanza kukohoa, makohozi yanapimwa, ana kifua kikuu. Anaanzishiwa dawa za TB. Baada ya wiki moja hivi anakuja dirishani akisema arosto imerudi: usiku halali, miguu inamvuta, asubuhi anaamka kalowa jasho. Nyumbani wameshahitimisha kwamba amerudia unga. Na wakati mwingine, kwa masikitiko, hata mhudumu wa afya anahitimisha hivyohivyo.

Ukweli ni kwamba rifampisini, moja ya dawa kuu za TB, huliamsha ini likaivunja methadoni kwa kasi kubwa. Dozi iliyokuwa ikimtosha kwa saa 24 sasa inamwishia kabla ya alfajiri. Huyu hajadanganya hata kidogo. Anahitaji dozi iongezwe, pengine kwa nusu au zaidi, tena mapema, kabla maumivu hayajamrudisha kijiweni au kumfanya aache dawa za TB kimyakimya. Matibabu ya TB yakiisha, ini hurudi taratibu kwenye kasi yake ya kawaida, na dozi ile kubwa inapaswa kushushwa, la sivyo itamlewesha kupita kiasi. Efavirenzi na nevirapini, dawa za VVU, nazo hupunguza methadoni mwilini. Dolutegraviri, ambayo wengi wanaitumia siku hizi, haina shida hiyo. Muuguzi anayeuliza "umeanzishiwa dawa gani mpya?" kabla ya kuuliza "umetumia tena?" anaokoa tiba mbili kwa swali moja.

Kwa upande wa pombe mambo ni tofauti, na hapa naomba familia zisome kwa makini. Arosto ya unga inatesa lakini mara chache inaua yenyewe. Kuacha pombe ghafla baada ya kunywa kila siku kwa miaka kunaweza kuua. Mikono huanza kutetemeka saa chache baada ya glasi ya mwisho, degedege huweza kuja ndani ya siku 2 za kwanza, na kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa, huona wadudu ukutani, joto hupanda na mapigo ya moyo huenda mbio. Kumfungia chumbani mlevi wa gongo "mpaka imtoke" ni hatari, hata kama mnafanya kwa upendo. Mleteni hospitali. Atapewa dawa ya kutuliza kwa kiwango kinachopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 ya sindano kabla ya dripu yoyote ya glukosi, kwa sababu sukari ikitangulia kwenye mwili usio na vitamini hiyo inaweza kuumiza ubongo.

Hatari nyingine humkuta mtu akitoka soba hausi, yaani nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha, au gerezani. Amekaa miezi bila kutumia, mwili umepoteza uzoefu, lakini mkono unakumbuka kiasi kilekile cha zamani. Hatari ya kufa kwa kuzidisha unga hupanda sana katika kipindi hicho. Mkimkuta haamki, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, midomo na kucha zimegeuka kijivu, msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa, msimdunge maji ya chumvi. Mlazeni ubavu, kichwa kirudi nyuma kidogo ili njia ya hewa iwe wazi, mumkimbize hospitali. Kama hapumui, mpulizieni pumzi mdomoni njiani kote. Hospitali ina naloksoni, dawa inayoondoa unga kwenye ubongo kwa muda. Inafanya kazi kati ya dakika 30 na 90 tu, kwa hiyo akizinduka na kutaka kuondoka, mzuieni kwa maneno mazuri: anaweza kuzama tena.

Wanawake ni wachache kwenye foleni zetu kuliko walivyo mitaani, na aibu ndiyo inayowazuia zaidi. Mjamzito anayetumia unga asiache ghafla. Arosto inaweza kuharibu mimba. Methadoni ni salama zaidi kwake na kwa mtoto. Mtoto akizaliwa anaweza kuwa na arosto yake kwa siku au hata wiki kadhaa, akilia sana na kutetemeka, na wauguzi wa wodi ya wazazi wanajua kumhudumia. Kunyonyesha kwa kawaida kunaruhusiwa.

Kinga nayo ina pa kuanzia, mara nyingi katika chumba cha wagonjwa wa nje. Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 kuhusu unywaji wa pombe, alama zake hufika 40, na anayepata 8 au zaidi yuko katika unywaji wa hatari hata kama hajawa mraibu. Muuguzi akiongea naye kwa dakika 5 hadi 10, bila kumkaripia, wengi hupunguza. Swali lenyewe linafaa kuulizwa kwa kila mtu, yule wa tai na yule wa kandambili. Wodini pia tuna wajibu wetu: pethidini, dawa kali ya maumivu inayoweza kuleta uraibu, inakaa kabatini chini ya kufuli, na kila sindano inayotolewa inaandikwa kwenye daftari na kusainiwa na watu wawili, kwa kuwa uraibu haubagui hata mavazi meupe. Na mzazi anayekuta vidonge vya tramadoli, dawa nyingine ya maumivu inayozoeleka, kwenye begi la shule amuulize mtoto kwa utulivu anavipata wapi na anavitumia kwa ajili ya nini, kabla ya kushika fimbo.

Mkiamua kumleta ndugu yenu kliniki, njooni asubuhi. Wahudumu wa asasi wanaofika vijiweni wanaweza kuwaelekeza na hata kumsindikiza. Leteni kadi zake zote, ya TB, ya CTC (kliniki ya VVU) au ya kliniki ya wajawazito, pamoja na vidonge vyovyote anavyomeza, hata vya kienyeji. Muuguzi atakapotaka kuongea naye peke yake, mkubali kusubiri nje.