Marejeleo ya kisheria kwenye Word: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Wanafunzi wa sheria, makarani wa mawakili na wahariri wa majarida hupoteza saa nyingi wakipanga upya marejeleo waliyokwisha kuyapanga. Chanzo ni kuliandika rejeleo kama maandishi ya kawaida, ilhali limebeba namba ya tanbihi, namba ya ukurasa na umbo la herufi, na vyote vitatu hubadilika hati inapobadilika. Hatua zilizo hapa ni za Microsoft Word kwenye Windows. Mifano imetoka kwenye mifumo miwili ya kuandika marejeleo ya kisheria inayotumika sana, OSCOLA ya Uingereza na Bluebook ya Marekani.

Dhana: Namba ya tanbihi iliyotangulia huandikwa kwa mkono, kisha hurekebishwa mwishoni.

Hili ndilo kosa linalogharimu kuliko yote. OSCOLA hurudia chanzo kwa mtindo wa *Donoghue* (n 5), yaani kesi ya Donoghue iliyotajwa kwenye tanbihi ya 5. Bluebook huandika *supra* ("hapo juu") note 5 kwa vitabu na makala. Ukiandika hiyo 5 kwa vidole, kila tanbihi mpya unayoingiza juu yake inaifanya kuwa uongo, na hakuna kitakachokuonya. Katika hati yenye tanbihi 200, tanbihi moja tu ikiongezwa ukurasa wa 2, karibu kila namba iliyoandikwa kwa mkono huelekeza pasipo.

Namba hiyo na iwekwe na programu. Andika "(n " kisha fungua kichupo cha References, bofya Cross-reference, chagua Footnote kwenye aina, na uteue tanbihi unayoikusudia. Word huweka uga, yaani sehemu inayojazwa na programu yenyewe, uliofungwa kwenye alamisho iliyofichwa ndani ya hati.

Sasa mtego. Uga huo haujisasishi papo hapo. Wengi hubonyeza Ctrl+A kisha F9 wakidhani wamemaliza, lakini Ctrl+A ikibonyezwa kishale kikiwa kwenye matini kuu haigusi tanbihi, na marejeleo mengi ya kisheria yamo humo humo kwenye tanbihi. Weka kishale ndani ya tanbihi yoyote, bonyeza Ctrl+A, kisha F9. Fanya hivyo mara mbili: mara moja kwenye matini, mara moja kwenye tanbihi.

Ukifuta tanbihi na kuiandika upya badala ya kuikata na kuibandika, alamisho hufutika pamoja nayo, na baada ya kusasisha utaona "Error! Bookmark not defined." Kwa hiyo kabla ya kutuma hati yoyote, tafuta neno Error! kwa Ctrl+F. Ni sekunde chache, na huokoa aibu kubwa mbele ya hakimu au mhariri.

Dhana: *Ibid.* na *id.* huokoa muda, kwa hiyo zitumike tangu mwanzo.

Hapana. Maneno hayo humaanisha "kile kilichotangulia hapo juu", na wakati wa kuandika rasimu kilichotangulia hubadilika kila siku. Mwenzako akiingiza tanbihi moja katikati, *ibid* yako inanukuu kesi nyingine kabisa, na ukurasa unaonekana safi. Katika rasimu tumia jina fupi la kesi pamoja na rejeleo mtambuko, yaani ile Cross-reference ya hapo juu. Kubadilisha kuwa *ibid* kuwe hatua ya mwisho, matini yakishafungwa. Kwa Bluebook angalia pia kwamba tanbihi iliyotangulia ina chanzo kimoja tu. Ikiwa navyo viwili, *id.* haifai.

Dhana: Orodha ya kesi na sheria lazima ichapwe kwa mkono.

Kanuni ya 28 ya Kanuni za Rufani za Shirikisho la Marekani inadai orodha hii, kesi zikiwa kwa mpangilio wa alfabeti na kurasa zake zikitajwa. Kuichapa kwa mkono ni kujitafutia usiku mrefu, kwa sababu aya moja ikihama, kurasa zote zinahama.

Teua rejeleo kamili linapotokea mara ya kwanza, bonyeza Alt+Shift+I, na kwenye kisanduku kinachofunguka chagua kundi: kesi, sheria, kanuni na kadhalika. Makundi yako 16. Saba yana majina tayari, mengine unayapa majina mwenyewe. Kwenye nafasi ya rejeleo fupi andika lile jina fupi unalolitumia kweli ndani ya matini, kisha bofya Mark All. Word itatia alama kila mahali linapolingana. Haitatia alama *ibid*, wala jina ulilolikosea herufi; hizo zipitie mwenyewe.

Mambo matatu huharibu orodha hii, na yote yana dawa.

La kwanza ni kurasa kukosewa. Alama za Word ni maandishi yaliyofichwa, lakini zikiwa zinaonekana kwenye skrini huchukua nafasi na kusukuma mistari. Ukisasisha orodha katika hali hiyo, namba za kurasa zinaweza kuwa si zile zitakazochapishwa. Bonyeza Ctrl+Shift+8 kuzificha, ndipo usasishe.

La pili ni kesi moja kujitokeza kwenye mistari miwili. Sababu huwa ni alama mbili zenye maandishi marefu yasiyofanana, pengine kwa nukta moja ya ziada. Na hapa wengi hukwama: kurekebisha herufi kwenye matini hakurekebishi orodha, kwa kuwa orodha husoma yaliyo ndani ya alama. Onyesha maandishi yaliyofichwa, tafuta alama inayoanza na TA, na usahihishe maneno yaliyo baada ya \l.

La tatu ni neno *passim* ("hapa na pale"), ambalo Word huliweka badala ya kurasa pale chanzo kinapotajwa kwenye kurasa tano au zaidi. Msomaji akitaka kurasa zote, ondoa tiki kwenye Use passim.

Dhana: Ctrl+I inatosha kwa majina ya kesi.

Inatosha mpaka siku mpokeaji anapotaka majina yapigwe mstari chini. Tengeneza mtindo wa herufi, si wa aya, uuite "Jina la kesi", uupe mlazo (italiki, ile ya Ctrl+I) na njia yake ya mkato. Siku matakwa yakibadilika unarekebisha mtindo huo peke yake, na majina yote yanafuata. Mlazo wa kawaida hauwezi kukutofautishia jina la kesi na neno lililokaziwa.

Dhana: Nafasi ni nafasi.

Katika "s 12", yaani kifungu cha 12, "s" ikibaki mwisho wa mstari na "12" ikaanza mstari unaofuata, msomaji husita. Tumia nafasi isiyokatika, Ctrl+Shift+Space, kati ya alama ya kifungu na namba yake, na kati ya kifupisho cha ripoti na ukurasa, kama katika [1932] AC 562. Usilifunge hivyo rejeleo zima, maana litaruka lote kwenda mstari wa pili na kuacha pengo. Kama hati imekwisha andikwa, fungua Ctrl+H, washa Use wildcards, tafuta `<(s) ([0-9])` na ubadilishe kwa `\1^s\2`. Alama ya § hupatikana kwa kushikilia Alt na kuandika 0167 kwenye vitufe vya namba vya pembeni.

Dhana: Masahihisho ya papo kwa papo husaidia.

Kwenye hati za sheria huharibu. Kifungu cha 4(c) hugeuka 4©, na "4th Cir.", kifupisho cha mahakama ya rufani ya Marekani, hupandishwa "th" juu, jambo ambalo Bluebook hailikubali. Futa (c) kwenye orodha ya AutoCorrect na uzime upandishaji huo kwenye AutoFormat As You Type. Ni kazi ya mara moja.

Dhana: Programu ya kusimamia marejeleo, au kunakili kutoka kanzidata, humaliza kazi.

Zotero husaidia sana: inazo OSCOLA na Bluebook, na kwa OSCOLA huweka (n 5) yenyewe. Lakini hutoa kile ulichokijaza. Jina la mahakama likiwa kwenye nafasi isiyo yake, rejeleo linatoka limepinda, na ukilinyoosha kwa mkono ndani ya Word, Zotero itakuuliza wakati wa kusasisha kama uyahifadhi mabadiliko yako au iyafute. Sahihisha kwenye Zotero kwenyewe. Mpokeaji akitaka hati isiyo na nyuga, tumia Unlink Citations kwenye nakala, asili uibakize.

Maandishi yaliyobandikwa kutoka kanzidata huja na fonti na viungo vyake. Ctrl+Shift+F9 huviondoa viungo, ila usiibonyeze ukiwa umeteua hati nzima: hugeuza pia kila rejeleo mtambuko kuwa maandishi mafu, na F9 haitayafufua. Teua aya iliyobandikwa peke yake.